Mgeni Aliyekataa Kukohoa

Ilitangazwa kwa vipaza sauti viwili, kimoja kikiwa kibovu, kwamba Kituo cha Utafiti wa Kifua kimepata bahati ya kumpokea Mgeni ambaye mfano wake haujapata kuonekana, aliyesafiri kwa ndege mbili na gari la barafu, na kwamba kila mwenye mapenzi mema na maendeleo afike getini akiwa amechana nywele. Zulia jekundu lilitandikwa. Wapiga tarumbeta walipanga mstari. Mwenyekiti wa Bodi ya Kituo alivaa suti yake ya kukatia tepe, kwa maana alikuwa nayo maalumu, yenye mfuko wa kuwekea mkasi.

Mgeni akateremshwa ndani ya boksi jeupe. Boksi likafunguliwa, moshi wa barafu kavu ukafuka, watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akachungulia. Ndani ya moshi palikuwa na barafu. Ndani ya barafu, mfuko. Ndani ya mfuko, kichupa cha plastiki kisichozidi kidole gumba cha mtoto. Na ndani ya kichupa, ukikigeuza kwenye mwanga, tone lililoganda, dogo kama chozi la kuku.

"Ndiye huyu?" Mwenyekiti akauliza.

"Ndiye, Mheshimiwa," akajibu mtaalamu wa maabara. "Ni protini. Imesafishwa na kuchujwa mpaka imebaki yenyewe tu."

"Yenyewe tu? Hakuna hata msaidizi aliyefuatana nayo?"

Mtaalamu huyo alikuwa msichana mwembamba aliyevaa koti jeupe lililomzidi mabega. Kwao alikuwa wa mwisho kuzaliwa, wakamwita Kitinda, na jina likamfuata mpaka kazini. Mama yake alikuwa pale getini, mikononi ameshika sweta. Alikuwa ameileta kwa sababu amesikia neno barafu.

Mama huyu majirani walimwita Bi Tahadhari, na jina hilo hakupewa bure. Hapakuwa na jambo chini ya jua ambalo hakuwahi kuonya juu yake. Maji ya kunywa aliyachemsha, yakapoa, akayachemsha tena kwa kutoyaamini. Shule alisoma mpaka darasa la saba, akaishia hapo, lakini kazi ya kuonya haidai cheti. Siku Kitinda alipoajiriwa kwenye kituo cha kifua kikuu, mama alilia kwa furaha asubuhi na kwa hofu mchana, na toka hapo hofu haikumtoka.

Mwenyekiti akampa Kitinda kipaza sauti amweleze Mgeni kwa wananchi.

"Bakteria wa kifua kikuu ana vitu vingi mwilini mwake," Kitinda akasema. "Wataalamu walichukua maelekezo ya kutengeneza kitu kimoja tu kati ya hivyo. Wakampandikiza nayo bakteria mwingine kabisa, asiye na neno na mtu, akawa anakipika kama mpishi anayefuata maelekezo ya jikoni kwa jirani. Kilichopikwa kikachujwa. Ndicho hiki. Tutakitumia kutafuta kipimo kipya cha kuwagundua wagonjwa mapema."

Maelezo yalikuwa mazuri, ila Mwenyekiti aliyasikia maneno mawili tu.

"Umesema kifua kikuu?"

Mkasi ukamponyoka. Tarumbeta zikakatika katikati ya wimbo. Zulia jekundu likakunjwa upesi, Mgeni akiwa bado juu yake.

Mwenyekiti alikohoa. Hilo halikuwa jipya. Alikuwa akikohoa tangu msimu wa bajeti, kikohozi kirefu cha ofisini, na Katibu wake alikwisha kutoa ufafanuzi rasmi kwamba ni vumbi la mafaili. Alipomaliza, akanyoosha mkono juu ya umati na kusema kwa sauti ya baba wa wote: "Wananchi, mficha maradhi, kilio humuumbua! Huyu tutamhoji!"

Ndipo ikazaliwa Kamati ya Dharura ya Kumhoji na Kumdhibiti Mgeni. Kanuni ilitaka kamati iwe na mwananchi wa kawaida mmoja, ili ikiharibu ionekane imeharibu pamoja na wananchi. Katibu akaangaza macho. Watu walikuwa wamekwisha kukimbia. Amebaki mama mmoja tu, ameziba pua kwa sweta, anapiga kelele: "Kitinda! Usipumue mwanangu, usipumue!"

"Huyo," akasema Katibu. "Huyo ana mwamko."

*

Kamati ilikaa kwenye ukumbi mdogo wa mikutano. Madirisha yalifungwa ili siri zisitoke, pazia zikavutwa ili zisionekane, na mlango ukawekewa kitambaa chini ili zisipite hata kwa kutambaa. Bi Tahadhari akapewa kiti cha heshima, mkono wa kulia wa Mwenyekiti, kiasi kwamba Mwenyekiti akikohoa, karatasi za mama huyu ndizo zilizopepea. Hakujali. Aliletewa soda baridi na kalamu. Katika maisha yake hakuwahi kuonya akaletewa soda.

Kitinda akaitwa kujibu kwa niaba ya Mgeni.

"Swali la kwanza," akasema Mwenyekiti. "Mgeni anatoka jasho anapolala?"

"Mheshimiwa, imeganda."

"Jibu ndiyo au hapana."

"Hapana."

"Amepungua uzito?"

"Ina uzito mdogo mno, Mheshimiwa, hata mizani ya kawaida haiwezi..."

"Katibu, andika: amekonda vibaya sana." Mwenyekiti akakohoa. Kikao kikamsubiri kwa adabu. "Anakohoa?"

"Protini haina kifua."

"Haina, au anaficha?"

"Mheshimiwa, hii si bakteria. Haina uhai, haizaliani, haiambukizi. Hata ukiimwaga mkononi haikuumizi."

"Haikuumizi!" Mwenyekiti akawageukia wajumbe. "Mnasikia lugha hiyo? Mtu anayejitetea hivi kabla hajashtakiwa!" Akashikwa na kikohozi kingine, kikubwa, kilichomtoa machozi. Akajifuta. "Wenzangu, anayeficha kikohozi ni hatari kwa taifa."

Wajumbe wakatikisa vichwa. Lilikuwa neno zito.

Katibu akasoma azimio. Mtu yeyote, au kitu chochote, chenye uhusiano na bakteria wa kifua kikuu, kifungiwe kwenye stoo ya nyuma mpaka kitoe makohozi yatakayopimwa na kuonekana safi. Na hii, akaongeza, ni bila kujali cheo. Maneno hayo ya mwisho hayakuwa na sababu. Aliyaweka kwa kuwa yanapendeza gazetini.

"Stoo haina friza!" Kitinda akasema. "Barafu iliyomo kwenye boksi inaisha. Ikiisha, protini itayeyuka kwenye joto lile na kuharibika. Na niliyetia sahihi kuipokea ni mimi."

"Basi ikiharibika tutajua wa kumuuliza," Mwenyekiti akasema kwa upole. "Na ofisi yako tutampa mwingine. Tupige kura."

Kura zikagongana nusu kwa nusu, kwa sababu nusu ya wajumbe walitaka Mgeni afungiwe na nusu walitaka achomwe moto. Macho yote yakamwelekea mwananchi wa kawaida.

Bi Tahadhari hakusita. Mkono aliounyoosha kwa ajili ya kufungia ulifuatwa na wa pili, asije akahesabiwa vibaya.

"Mama!" Kitinda akamwita.

"Humu ndani hakuna mama," akajibu Bi Tahadhari, akinywa soda. "Kuna mjumbe."

Kwa uzalendo huo akakabidhiwa ufunguo wa stoo. Mali ya umma, alisema Mwenyekiti, ikae kwa umma. Bi Tahadhari akautia kwenye pochi, akafunga zipu, akaikumbatia pochi mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

*

Jioni Kitinda hakula. Alikaa akichora mistari mezani kwa kidole.

"Kula, chakula kinapoa," mama akasema.

"Nipe ufunguo, mama. Dakika tano tu. Niihamishie kwenye friza."

"Ufunguo ni wa serikali."

"Mama, mimi nitafukuzwa kazi."

"Afadhali ufukuzwe ukiwa na mapafu mawili! Mimi nimekuzaa kwa uchungu wa siku mbili, halafu uje uniulie mwili wako kwa kitone? Kitone ambacho hata kijiko hakijazi?"

"Hakiwezi kuniua."

"Ndivyo wanavyosema wote. Nyoka mdogo si nyoka, mpaka akugonge."

"Si nyoka huyu, mama. Ni gamba la nyoka."

"Gamba nalo sitaki ndani."

Kitinda akavuta pumzi. Alijua kwamba mama yake, akishaanza kuonya, hajibiwi kwa kitaalamu. Akakaa vizuri kwenye kiti.

"Haya. Sema mwizi ameingia kwa jirani. Mbwa wa jirani akapambana naye, akamjua harufu. Mwizi akatokomea, au labda amejificha uvunguni, hatujui. Mimi nikatengenezewa shati kama la yule mwizi, lenye harufu ileile. Shati linaiba?"

"Shati litaibaje?"

"Haya. Nikipita na shati hilo kwa mbwa ambaye hajawahi kumwona mwizi, atafanya nini?"

"Atalinusa, aende zake."

"Na yule aliyepambana naye?"

Bi Tahadhari akaweka kijiko chini. "Atabweka."

"Basi. Damu ya mtu ni huyo mbwa. Protini ni shati. Nachukua damu ya mtu, naionyesha shati. Ikinyamaza, sawa. Ikibweka, najua mwizi alipita kwa huyu mtu, tumtafute kama bado yumo. Mama, watu wanakohoa mwaka mzima wakidanganyana kuwa ni vumbi, wanakuja kwetu wakiwa wamebebwa. Tulisubiri shati hili miaka. Na sasa hivi linayeyuka kwenye stoo, kwa sababu mama yangu amenyoosha mikono miwili."

Bi Tahadhari alikuwa mtu wa hofu, lakini hakuwa mtu wa roho mbaya. Akainuka, akatoa vyombo. Akafungua pochi kutafuta kitambaa. Alipata taabu kukipata, ikambidi atoe kila kitu, kitana, sindano, ufunguo, na kuviweka mezani, mbele kabisa ya bintiye.

"Mimi naenda kusali," akasema. "Nitasali sana. Na macho nitakuwa nimefumba."

Kitinda alitoka mbio. Mlinzi aliyeamriwa kuulinda mlango wa stoo alikuwa akiulinda kutoka ng'ambo ya uwanja, amevaa barakoa tatu na kugeukia upande wa pili ili asimpumue Mgeni kwa bahati mbaya. Kwenye boksi barafu ilikuwa imebaki vipande vichache, lakini tone lilikuwa bado gumu. Kitinda akakichukua kichupa, akakitia kwenye friza ya maabara, na boksi akaliacha palepale limefungwa vizuri. Aliporudi nyumbani akaurudisha ufunguo mezani. Mama hakuuliza kitu. Asiyeuliza haapishwi.

*

Tangu siku hiyo Kituo kikalinda boksi tupu kwa umakini ambao haujapata kushuhudiwa. Kila asubuhi Katibu alisimama nje ya stoo, akasafisha koo, akaita: "Mgeni! Kwa amri ya Kamati, kohoa!" Kisha alisubiri. Kikombe cha makohozi kiliwekwa mlangoni na mlinzi, aliyekisukuma kwa ufagio. Kikombe kilibaki kikavu. Taarifa zikasomwa ukumbini, madirisha yakiwa yamefungwa: Mgeni ni mtulivu lakini mkaidi. Mgeni amekataa ushirikiano. Mjumbe mmoja akashauri aletwe mkalimani, kwa kuwa waliompika Mgeni huenda ni wa lugha nyingine. Kamati ndogo ikaundwa. Kamati ndogo ikaomba soda zake zenyewe.

Bi Tahadhari alihudhuria vikao vyote. Ilipofika taarifa ya Mgeni, aliangalia dari.

Mwenyekiti naye alizidi kukohoa. Sasa alikohoa kwa vipindi, na suti ya kukatia tepe ikaanza kumpwaya, mkasi ukining'inia mfukoni kama kengele. Wajumbe walimpongeza kwa kujali mwili wake.

Pengine mambo yangeendelea hivyo mpaka kustaafu, ila wafadhili waliomtuma Mgeni wakaomba kupelekewa picha yake akiwa kazini. Kamati ikatoka jasho. Ikaamua Mgeni apewe ruhusa ya muda ya kufanya kazi, chini ya ulinzi, halafu arudi kifungoni.

Na hapa lazima ijulikane desturi ya Mwenyekiti. Hakuna kitu kilichoanza kutumika katika himaya yake bila yeye kukitumia kwanza. Bomba jipya la maji, yeye alikunywa wa kwanza. Kitanda kipya cha wazazi, yeye alikilalia wa kwanza, miguu juu, akapigwa picha. Kwa hiyo damu ya kwanza kuonyeshwa Mgeni ingekuwa yake, na waandishi wa habari wakaitwa.

Boksi likaletwa maabara kwa msafara. Kitinda akalifungua akiwa amelipa umati mgongo, na kilichotoka kilitoka kwenye friza. Akachukua damu ya Mwenyekiti, ya Katibu, ya mlinzi, na ya mama yake, aliyefumba macho na kuuliza kama sindano imechemshwa, na imechemshwa mara ngapi.

"Majina hatuandiki," Kitinda akasema. "Tunaandika namba. Majibu ni siri ya mtu."

"Namba?" Mwenyekiti akashtuka. "Mimi mfungwa? Andika jina langu, kwa herufi kubwa, na cheo."

"Mheshimiwa, ni kwa faida yako..."

"Na cheo!"

Likaandikwa. Damu zikalazwa na protini zao, na watu wakaambiwa warudi kesho.

Kesho yake walijaa mpaka kwenye ngazi. Kitinda alikuwa kazini tangu alfajiri, na alipotoka na sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo, uso wake haukuwa wa sherehe. Vishimo vya Katibu, vya mlinzi na vya Bi Tahadhari vilikuwa vyeupe kama maji. Kishimo cha Mwenyekiti kilikuwa buluu, buluu iliyokoza, buluu ya wino.

Mwenyekiti akakiona, akakielewa papo hapo.

"Tazameni!" akasema, akaishika sahani na kuinua juu kamera zimwone nayo. "Hawa wengine weupe, hawana kitu. Mnaona tofauti? Hiyo ndiyo damu ya uongozi!"

"Hongera, Mheshimiwa!" Katibu akalia. "Umeongoza!"

Makofi yakapigwa. Tarumbeta ikalia. Katibu akakitazama kishimo chake cheupe kwa huzuni, akaahidi kujitahidi.

"Mheshimiwa," Kitinda akamnong'oneza, "naomba tuzungumze pembeni."

"Pembeni kuna nini? Sema hapahapa, kwenye kipaza sauti."

"Ni jambo lako binafsi."

"Mimi sina binafsi. Mimi ni taasisi."

Kitinda akafunga mdomo. Hilo lilikuwa jukumu lake, na alilitimiza. Lakini jukumu hilo halikumfunga mama yake. Bi Tahadhari alikuwa anakitazama kile kishimo cha buluu, huku kichwani mwake mbwa akibweka kwa jirani. Aliwaza ukumbi mdogo. Aliwaza madirisha, na karatasi zake zilivyokuwa zikipepea. Mtu aliyeonya watu maisha yake yote juu ya umande, radi na soksi mbichi alikuwa amekaa wiki na wiki mkono wa kulia wa jambo lenyewe, akinywa soda, na hakuonya.

"Mheshimiwa!" akapiga yowe. "Hujaongoza, baba yangu! Damu yako imebweka!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akawaeleza pale pale habari za mwizi, za shati na za mbwa, kwa pumzi moja, akamalizia: "Na mbwa wako amemjua mwizi, Mheshimiwa! Na kikohozi hicho si vumbi, mafaili yenyewe hujayafungua tangu mwaka juzi!"

Kamati nzima ikarudi nyuma hatua tatu kwa pamoja. Ndilo lilikuwa jambo la kwanza kuafikiwa bila mjadala tangu iundwe.

"Jamani, msikimbie," Kitinda akasema, maana sasa hapakuwa na cha kuficha. "Buluu hii haisemi kuwa mtu anaumwa. Inasema damu yake imewahi kukutana na bakteria. Wapo wengi hivyo, na ni wazima. Tena hiki bado ni cha utafiti, si kipimo cha hospitali. Lakini mtu anayekohoa tangu bajeti na kukonda hivi, akapime makohozi leo."

Kikombe kikaletwa. Kinyume na Mgeni, Mwenyekiti alitoa ushirikiano mara ya kwanza. Kabla jua halijageuka daktari wa kifua akaleta majibu mwenyewe: bakteria wapo, wengi, na dawa zipo, na zianze leo.

Daktari hakuwahi kumaliza. Katibu alikuwa amekwisha kulitoa azimio kwenye faili, akalisoma kwa sauti ile nzuri aliyopewa na Mungu kwa kazi hiyo. Mtu yeyote. Uhusiano na bakteria. Stoo ya nyuma. Makohozi safi. Bila kujali cheo.

"Hilo halinihusu mimi!" Mwenyekiti akasema.

"Mheshimiwa, linakuhusu kuliko lilivyomhusu Mgeni," akajibu Katibu kwa heshima zote, akimwelekeza njia kwa ufagio wa mlinzi.

*

Bi Tahadhari ndiye aliyefunga. Ufunguo ulikuwa wake kisheria. Ndani ya stoo hamkuwa na dirisha, mlikuwa na ndoo, matairi mawili na boksi jeupe lililorudishwa kifungoni. Haikuchukua muda sauti ikatoka.

"Boksi hili tupu! Mgeni katoroka!"

Wajumbe wakatazamana. Kitinda akasogea mlangoni.

"Hajatoroka, Mheshimiwa. Yuko kwenye friza tangu jioni ya kwanza. Nilimtoa mimi."

"Ulimtoa? Mlikuwa mnaniambia amekaidi!"

"Katibu ndiye aliyesema amekaidi. Boksi lilikuwa halina kitu."

Katibu akaanza kuyachunguza mawingu.

"Umekwisha, binti!" Mwenyekiti akagonga mlango kwa ngumi. "Umekwisha! Kuvunja karantini! Leo hii unaondoka na virago vyako, na maabara nzima sitaki hata kusikia umepita nje yake!"

Bi Tahadhari akalisogelea tundu la ufunguo, kwa ubavu, kama mtu anayechungulia sufuria ya mafuta ya moto.

"Mheshimiwa, angebaki humo angeharibika," akasema. "Damu yako ingeonyeshwa maji tu. Ingenyamaza. Wewe ungeenda kukata tepe, na mwezi ujao tungekukatia wewe sanda."

Kikohozi.

"Fungua mlango, mama."

"Hapa hakuna mama, kuna mjumbe. Makohozi safi unayo?"

"Nitayatoa wapi? Nahitaji dawa! Kufuli inaponya nini? Mtu kapimwa, kajulikana, dawa ipo pale, halafu mnamfungia pasipo hewa! Nani ameandika upuuzi huu?"

Katibu akaupitisha waraka wa azimio chini ya mlango kwa ncha ya ufagio. Wakasikia karatasi ikikunjuliwa. Wakasikia kimya kirefu cha mtu anayesoma, kisha kirefu zaidi, cha mtu aliyefika kwenye sahihi yake mwenyewe.

"Mama, mfungulie," Kitinda akasema. "Mgonjwa hafungiwi stoo. Akianza dawa na kuzimeza sawasawa, baada ya wiki chache tu haambukizi mtu."

"Subiri, mwanangu. Mjumbe ana maswali mafupi." Akainama tena. "Binti yangu je?"

"Aende zake."

"Aende zake wapi?"

"Aende... maabara. Abaki kazini."

"Na Mgeni?"

"Abaki kwenye friza! Nani kasema atoke?"

"Na madirisha ya ukumbi?"

"Yafunguliwe."

"Sisikii, Mheshimiwa, mlango ni mzito."

"YAFUNGULIWE! Yote! Na pazia zitolewe! Na ninyi nyote mlioketi humo mkapimwe, mnangoja nini?"

"Sasa ndiyo unaongea kama kiongozi," akasema Bi Tahadhari, na huo ulikuwa ukweli, maana ndiyo amri ya kwanza ya Mwenyekiti iliyomsaidia mtu. Kishimo chake cheupe hakikumdanganya. Kitinda alikwisha kumwambia kwamba damu huchelewa kujua, na kwamba yeye na wajumbe wote lazima wapimwe tena baadaye, na tena kabla ya hapo wakiona kikohozi hakiishi. Na akina mama wenzake wajue hili: hofu yake yote aliimalizia kwa mgeni aliyekuja amefungwa kwenye barafu, asiye na kifua wala pumzi, akamsahau mkubwa anayekohoa kwenye kiti cha pili.

Akauzungusha ufunguo. Akausukuma mlango kwa mguu na kusimama upande ule upepo unakotokea.

"Toka, baba. Na ukikohoa, ziba mdomo."

Mwenyekiti akatoka kwenye jua, suti imejaa vumbi la kweli safari hii, kamera zote zikimngoja. Akafungua kinywa atoe tamko. Kikohozi kikamwahi. Akapapasa mfukoni, hamna leso, mna mkasi. Basi kwa haraka akajiziba kwa kile alichokuwa nacho mkononi, waraka wenyewe, wenye muhuri na sahihi yake, akakohoa humo mpaka akamaliza.

Kamati ilikubaliana kwa kauli moja kwamba, tangu uandikwe, hiyo ndiyo mara ya kwanza waraka ule kumkinga mtu na kifua kikuu.